Waliokosa Waseme Kwanza

Katika miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye uwezo wa kununua kitu alikinunua upesi, asije akaambiwa ruksa imekwisha. Mimi nilinunua televisheni, deki ya video na jenereta ndogo iliyonguruma kuliko treni ya mizigo. Nilifungua kibanda changu Mnyuzi, karibu na stesheni, kwenye chumba kilichokuwa ghala la machungwa. Kuta zilinuka maganda hata baada ya kupakwa chokaa. Watu walibanana kwenye mabenchi, wakatazama wanaume wakipigana mateke hewani, na mimi nikasimama kando ya televisheni nikiwatafsiria.

Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya msingi ya Dindira, kilitosha kusoma maandishi ya kwenye makasha ya chai na kidogo zaidi. Lakini mdomo nilijaliwa. Pale nisipoelewa nilijaza mwenyewe, na pale nisipoelewa kabisa ndipo nilipojaza vizuri zaidi. Walikuwepo watu waliotoka Mpale kwa baiskeli kuja kunisikia mimi, si kutazama picha. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu ni kweli.

Katika mikanda yangu yote kulikuwa na mmoja niliouheshimu. Binamu yangu alikuwa mpishi kwenye kambi ya wawindaji wa kitalii, huko kusini, na mgeni mmoja alimwachia mkanda ule kama zawadi. Kilikuwa kipindi cha televisheni ya kwao. Mzungu mmoja mwenye fulana ya mifuko mingi anashuka kwenye gari, anatembea kidogo kwenye nyasi, anapiga nyati risasi moja, nyati anaanguka. Kisha anapiga goti kando yake, anashika pembe, anatabasamu. Halafu inakuja zamu ya tandala. Halafu ya pofu. Ni risasi moja na tabasamu moja, mpaka mkanda unakwisha. Niliutazama mara nyingi mpaka picha ikaanza kuruka-ruka. Nilimpenda yule mtu. Hakuwa na papara, hakutoka jasho, na kofia yake haikuanguka hata siku moja.

Jirani yangu wa pale Mnyuzi alikuwa mama mmoja muuza vitambaa, na barazani kwake alikaa binti wa kaka yake kutoka Handeni, fundi wa cherehani. Nilimpelekea magunia anishonee pazia la kuzuia mwanga usiingie kibandani. Alicheka. Alisema tangu ajue kushona hajapata kulivalisha ghala. Akashona hivyohivyo, huku akinitania kwamba Wasambaa tumelizoea giza kwa sababu ya ukungu wa milimani, tukishuka bondeni tunalikumbuka. Nilimpenda kabla hajamaliza gunia la pili.

Baada ya miezi kadhaa tulikuwa tumeelewana, yeye na mimi. Aliyebaki alikuwa baba yake. Mjomba wangu, aliyekuwa mshenga wangu, alikwenda kwa mzee mara ya kwanza akapewa chakula kizuri na maneno mazuri, akarudi bila jibu. Akaenda tena, akapewa chakula kizuri zaidi. Jibu halikuja. Mjomba alinenepa, mimi nikakonda. Mwishowe shangazi yake binti, yule muuza vitambaa, akanieleza kisa: kaka yake alisikia kwamba kazi yangu ni kuwasemea watu wa kwenye kioo, akauliza ni kazi gani hiyo, na hakuna aliyeweza kumweleza akaridhika.

Nikamuuliza binti, baba yako anapenda nini duniani. Akasema, kusaka nguruwe pori. Kumbe mzee ndiye aliyekuwa kiongozi wa wasakaji wa kijiji chao, wanaume wa mikuki na nyavu na mbwa, wanaolinda mashamba ya mahindi. Nilihisi kama niliyeokota funguo njiani. Nikamwonyesha binti ule mkanda wangu. Aliutazama wote, mikono magotini, na alipomaliza akasema, "Huyu mtu baba akimwona atacheka mpaka alale chini."

"Acheke nini? Hapo kuna kitu cha kuchekesha?"

"Mpelekee," alisema. "Mimi nikikwambia hutaamini."

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika upesi na kusahau upesi, lakini lile lilikaa siku mbili. Mzee ni mwindaji, na mimi nina picha ya uwindaji kutoka ng'ambo, tena yenye rangi. Nikaona nimemaliza kazi. Nikafunga televisheni kwenye godoro, nikachukua deki, jenereta na magunia yangu, nikapanda navyo kwenye lori lililokuwa likirudi tupu Handeni baada ya kushusha mahindi sokoni Korogwe. Tukavuka mto, tukaiacha milima nyuma, na vumbi la njia ile likanipaka wekundu mpaka kwenye kope.

Mzee alikuwa mfupi, mkavu, amevaa msuli na koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu. Aliyatazama masanduku yangu yakishushwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Karibu. Una vyombo vingi, nikadhani unahamia."

Alinipokea vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Nikapewa maji, nikapewa ugali na mlenda, na mchana ule tukatundika magunia yangu kwenye ghala lake la mahindi. Wasakaji wake wakaja, wakakaa mbele, mikuki wakaiegemeza ukutani nje. Mbwa wao wakaibwekea jenereta mpaka wakachoka. Mlangoni akasimama mzee wa Kimasai, jirani yao mfugaji, amesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo yake, akakataa kiti.

Nikaanza. Nilikuwa na sauti yangu ya siku kuu siku ile. Nikawaelezea nyika, nikawaelezea hatari, nikawaelezea moyo wa yule mtu, mambo ambayo kwenye mkanda hayakuwepo hata nusu. Nyati alipoanguka nilisubiri makofi. Hawakupiga. Mmasai akasema yule nyati ni mzee na huenda alikuwa mgonjwa, akatikisa kichwa kwa huruma. Tandala akaanguka. Mmoja akapiga miayo. Nikaona niwachochee kidogo. Nikainua sauti nikasema, "Mtu huyu, wazee wangu, hajui kukosa. Tangu mkanda unaanza mpaka unakwisha, hakosi hata mara moja."

Nilidhani nimemsifu. Wasakaji wakageuka wakatazamana, halafu wote wakamtazama mzee.

"Hebu zima," mzee akasema.

Nikazima. Ghala likawa giza, tukasikia kuku nje.

"Hakosi kabisa?"

"Kabisa, mzee. Tazama mwenyewe."

Hapo ndipo walipoanza kucheka. Binti alisema kweli tupu, mmoja wao alilala chini juu ya mahindi. Mwenye mbwa, jitu refu lenye sauti nyembamba, akaniuliza mbwa wa yule bwana wako wapi. Nikasema hawatumii mbwa. Akanionea huruma. Mwingine akaniambia nimtazame soksi: mtu katembea porini kutwa nzima na hana hata mbegu moja ya kishona nguo iliyonasa kwenye soksi zake. Mwingine akauliza ni nani aliyemwona nyati kwanza, maana kwenye picha kuna mkono unaonyesha kidole, halafu mwenye mkono haonekani tena. Kila neno lilinichoma kana kwamba fulana ile ya mifuko ni yangu. Nikawaambia kwa ukali ambao mkwe hapaswi kuwa nao kwamba kamera haisemi uongo.

"Haisemi," mzee akakubali. "Lakini risasi zilizokosa zimekatwa humo. Zimeachwa zenye bahati tu."

Ndipo waliponieleza desturi yao, mwenye mbwa akisema na wengine wakimkatiza. Msako ukiisha, mnyama hulazwa mahali pamoja, na hakuna kisu kinachomgusa kabla kila aliyekosa siku ile hajasimama akaeleza alivyokosa. Ni lazima awe na shahidi, kwa sababu watu wengine husema uongo hata katika kukosa, ili wachekwe vizuri. Aliyeua haulizwi kitu, mzoga umeshamsemea. Lakini waliokosa ndio wanaowafundisha wenzao nguruwe alipenya wapi, wavu ulilegea wapi, nani alisinzia. Kwa hiyo mtu anayesema hajakosa, ama hajasimama kwenye njia ya mnyama, ama ana jambo analolificha. Kwao kumwambia msakaji kwamba hajui kukosa si sifa. Na mimi nilikuwa nimelisema neno lile kwa sauti ya siku kuu, mbele ya baba wa mchumba wangu.

Nikaona posa yangu imezama. Mzee alinishika bega tukatoka nje kwenye mwanga.

"Binti yangu sijakukatalia," alisema. "Ila mtu mimi simjui mpaka nimwone siku aliyokosa. Wewe sijakuona. Keshokutwa tunasaka. Baki."

Usiku ule na uliofuata nililala kwenye ghala na televisheni yangu. Ungedhani ningefurahi, maana niliyoombwa yalikuwa mepesi: nikose tu. Kukosa nguruwe kwa mkuki, kwa mtu wa Dindira aliyelelewa kwenye chai, hakuhitaji kipaji. Lakini mtu akiambiwa tunataka kukuona ukikosa, hapo ndipo hamu ya kupata humpanda kichwani. Nikajiona nimesimama kando ya nguruwe aliyekufa, nimepiga goti moja. Hata tabasamu nililifanyia mazoezi gizani. Halafu nikamfikiria binti, na cherehani yake, na jinsi alivyokuwa akiuma uzi badala ya kuukata kwa mkasi, nikaogopa kweli. Sikutaka kurudi Mnyuzi nikamkuta pale barazani nikiwa sina la kumwambia.

Asubuhi ya msako kijiji kizima kilitoka. Nguruwe walikuwa wamelala kwenye kichaka kikubwa kando ya bonde, baada ya kuligeuza shamba la mama mmoja mjane kuwa kama limelimwa upya. Wanaume wakatega nyavu upande wa chini, wavu baada ya wavu. Wanawake na vijana wakazunguka upande wa juu na madebe matupu. Mbwa wakavalishwa njuga za mti shingoni. Mimi nikapewa mkuki wa kuazima, nikawekwa na mzee pembeni kabisa, mahali ambapo wavu wa mwisho uliishia kwenye kichuguu na kubaki mwanya mdogo, naye akasimama hatua chache tu kutoka kwangu.

"Simama hapa," mzee akaninong'oneza. "Usipige chafya. Na usitafsiri."

Madebe yakaanza. Sijui kama umewahi kusikia madebe thelathini yakipigwa na wanawake waliokasirika kwa ajili ya mahindi, lakini jenereta yangu ilikuwa mtoto mchanga. Njuga zikaingia kichakani. Kisha ikanijia harufu, kali, ya matope na jasho la mnyama, kabla sijaona lolote. Kwenye mkanda wangu harufu haikuwepo. Majani yakatikisika, na akatokea nguruwe, dume, anakuja moja kwa moja kwenye mwanya wetu.

Nikafanya kama nilivyofundishwa na televisheni. Sikuwa na papara. Nikasogeza mguu wa kushoto mbele, nikainua kidevu, nikarudisha mkono nyuma polepole kwa namna ambayo ingependeza mtu angekuwa anapiga picha. Nguruwe hakuningoja. Nilipourusha mkuki alikuwa ameshanipita, na mkuki ukaenda ukasimama kwenye kichuguu, ukatetemeka hapo kama unanicheka.

Kwa kishindo kile nguruwe akakata kona akamwelekea mzee. Mzee alikuwa tayari, mkuki juu, macho yametulia, na nikajua moyoni kwamba sasa nitaona jambo. Akarudi nyuma hatua moja ili apate nafasi. Kisigino kikaingia kwenye tundu la wavu. Mzee akaenda chali, wavu ukamfuata, mkuki ukaruka ukapotelea kwenye miiba, na nguruwe akaitazama miguu yake, akairuka, akatokomea bondeni. Katikati ya yote hayo mzee aliita, "Mama yangu," kwa sauti ya mtoto wa miaka mitano.

Nikakimbia kwake. Alikuwa amefungika kama kuku wa kupelekwa sokoni, mkono mmoja juu, mkono mmoja chini, na kidole gumba cha mguu kimeingia kwenye kifundo. Nikatoa kisu.

"Fungua," akasema. "Usikate. Wavu huu aliusuka baba yangu."

Nikapiga magoti nikafungua kifundo kimoja kimoja. Pembeni yetu hapakuwa na mtu, wengine wote walikuwa mbali, upande mwingine wa kichaka. Nilikitoa kidole chake kwa uangalifu kana kwamba ni yai, akasimama, akajifuta matako, akaenda kuutafuta mkuki wake miibani. Kisha tukasikia kelele kutoka kijitoni: mbwa wamemzuia nguruwe wetu majini, na mshona katambuga za matairi wa kijiji, mtu ambaye hata hakutarajia kupata kitu siku ile, amemmaliza.

Nguruwe akaburutwa mpaka chini ya kivuli cha mkwaju, kando ya njia. Kijiji kile wengi wao ni Waislamu, nguruwe hawamli, na mimi pia simli. Kwa hiyo walikuwepo ndugu wawili Wakristo waliopanda baiskeli tangu alfajiri kutoka Korogwe, na magunia, na visu vikali, wakisubiri. Walikuwa wanaijua desturi. Mmoja akakaa kwenye keria ya baiskeli yake, akaanza kunoa kisu taratibu, kama mtu anayejua kwamba hapa leo si pa haraka. Nzi nao walikuwa wamefika.

"Waliokosa waseme," mzee akatangaza.

Akaanza mzee mmoja aliyesema alisinzia, akaamshwa na nguruwe akiwa ameshapita. Shahidi wake akathibitisha, akaongeza kwamba alikoroma. Akafuata kijana ambaye mpini wa mkuki wake ulivunjika mkononi kwa sababu ulitobolewa na bungua, akakaripiwa na mwenye mbwa, kwa nini mpini hakuuning'iniza moshini jikoni kama watu wote. Mama mmoja wa madebe akasema alimwona nyoka, akatupa debe na kurudi nyuma, na pale alipoacha pengo ndipo majike mawili ya nguruwe yalipotorokea. Hakuna aliyemlaumu. Wakaulizana pengo lile lilikuwa wapi hasa, ili safari ijayo wasimame watu wawili. Nilivutiwa. Nilisahau hata hofu yangu.

"Mgeni," mzee akasema.

Nikasimama. Mdomo wangu, ambao haujawahi kuniangusha, ukaanza wenyewe. Nikasema upepo uligeuka ghafla.

"Hapakuwa na upepo," mzee akasema. Ndiye aliyekuwa shahidi wangu.

Nikasema nguruwe mwenyewe alikuwa mkubwa kama ndama.

"Huyu hapa amelala. Ndama gani huyo?"

Watu wakacheka. Hata yule mwenye kisu aliacha kunoa. Nikamtazama nguruwe, na kweli alikuwa nguruwe wa kawaida, ana tope masikioni. Nikashusha pumzi nikasema, "Nilikosa kwa sababu nilikuwa nafikiria nimesimamaje. Nilipomaliza kusimama vizuri, alikuwa amepita. Mkuki nikauchoma kwenye kichuguu."

Mwenye mbwa akatikisa kichwa kwa heshima kabisa. "Hilo tumelielewa," alisema, na wengine wakaguna kukubali. Nikakaa chini. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia la chai kutoka mgongoni. Sikujua kukosa kunaweza kumpa mtu nafasi ya kukaa katikati ya watu namna ile.

"Nani amebaki?" mzee akauliza. Hilo lilikuwa swali lake kila msako, kama kiongozi.

Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Mjini ningekuwa nimeshaanza hesabu zangu: mzee ana siri, siri ninayo mimi, binti ni wangu. Wazo hilo lilipita, sikatai, lakini halikukaa, kwa sababu lilisukumwa na hofu nyingine ambayo sikuitegemea. Niliogopa kwamba atanyamaza. Nilikuwa nimeanza kumpenda mzee yule, na wavu wake wa urithi, na koti lake la vifungo vya dhahabu. Kama angenyamaza, basi angekuwa ni kama mtu wa kwenye mkanda wangu, na mimi ndiye ningekuwa nimeshinda ubishi wa ghalani. Sikutaka kushinda. Kumsema mimi kusingewezekana, hata kidogo. Mtu hamwaibishi mzee ambaye anataka kuwa mwanawe. Nikanyamaza, nikaomba moyoni.

"Nani amebaki?" akauliza mara ya pili. Ndugu wa Korogwe wakasimama na visu vyao, wakijua maneno yamekwisha.

"Kaeni," mzee akawaambia. "Nimebaki mimi."

Akauvuta msuli wake juu, akatuonyesha kisigino. Akaeleza. Alieleza kila kitu: hatua aliyorudi nyuma, tundu la wavu, mkuki ulivyoruka, nguruwe alivyoitazama miguu yake kabla ya kuiruka. Akaeleza kwamba wavu ule ulitegwa umelegea, na aliyeutega ni yeye mwenyewe. Hakuruka hata kile kilio. "Nikamwita mama," alisema. "Marehemu. Nikamwita."

Mwenye mbwa akaanza kutabasamu. "Mzee, unamliwaza mgeni."

"Namliwaza nini?"

"Asijisikie vibaya peke yake. Tunakujua. Wewe na wavu wapi na wapi? Mimi tangu nianze kusaka nawe sijakuona umeanguka."

Wengine wakaunga mkono. Wakacheka kwa upendo, wakasema mzee ana huruma kwa wageni. Yule mama wa madebe akasema hata yeye haamini, mwanaume mzima kumwita mama. Mshona katambuga akasema basi yaishe, watu wakate nyama, jua linapanda. Mzee aliwatazama mmoja mmoja, na nikaona mshipa wa shingo yake unasimama. Niliujua ukali ule, maana hata mimi ninao.

"Mnaniita mwongo?" akauliza. "Leo, mimi?"

"Hatukuiti mwongo, mzee. Ila shahidi huna."

"Shahidi ninaye." Akanyoosha mkuki wake, ule uliokuwa bado una majani ya miiba, akaunyoosha juu ya mgongo wa nguruwe mpaka ukanielekea mimi. "Mkwe wangu alikuwa pale. Ndiye aliyenifungua. Mkwe, simama uwaambie."

Wote wakageuka. Mwenye mbwa aliacha mdomo wazi, maana naye alilisikia lile neno, mkwe. Mjomba wangu alikuwa amekula pilau mbili nzuri katika nyumba ile asilipate.

Nikasimama. Macho yangu yalikuwa yameingia maji, na sikujali nani anaona. Nikawaambia kisigino kiliingiaje, wavu ulimfunga wapi, na kidole gani nilianza kukitoa. Wakaniuliza kama ni kweli alimwita mama, nikasema alimwita. Nikawaambia mpaka mwisho, na sikuongeza kitu.